Gandhi alipokuwa wakili: alitetemeka Bombay, akatisha Afrika Kusini

LITAJE jina la Mahatma Gandhi popote kijiweni, kila mtu atakuletea picha ile ile: mzee mwenye kipara, miwani ya duara, shuka jeupe na fimbo mkononi. Ni wachache watakaokwambia kwamba mzee huyo, kabla hajavaa shuka, alikuwa mtoto wa mjini hasa. Alishona suti Bond Street, London, akavaa kofia ndefu, akaning'iniza mnyororo wa dhahabu wa saa, akalipia masomo ya kucheza dansi na kupiga fidla. Kila siku alisimama dakika kama 10 mbele ya kioo, anafunga tai na kuchana nywele. Pamba kali!

Na ulaji wake ulitoka wapi? Uwakili. Si uwakili wa kesi za mauaji zile zinazojaza watu mahakamani, la hasha. Mohandas Gandhi alijenga jina lake kwa kesi za wafanyabiashara waliodaiana na kwa malalamiko ya wafanyakazi waliopigwa na mabosi wao. Biashara na ajira, basi. Leo hii vijana wengi waliopo vyuoni wanasomea sheria wakiwa na ndoto hizo hizo, nasi tukaona si vibaya tukawafungulia faili la mwenzao aliyetangulia zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tena safari yake ilipita hapa hapa kwetu. Lamu, Mombasa, Unguja. Soma taratibu, utafika.

KUSOMA KWA KULA

Gandhi alizaliwa Porbandar, magharibi ya India, Oktoba 2, 1869. Mwaka 1888 akapanda meli kwenda London kusomea ubarista. Hapa hatuzungumzii yule anayekukorogea kahawa hotelini, bwana! Barista wa Kiingereza ni wakili anayesimama kortini kubishana mbele ya jaji. Ili uwe barista lazima uwe mwanachama wa moja ya nyumba nne kongwe za mawakili pale London. Gandhi aliingia ile inayoitwa Inner Temple.

Sasa sikiliza kichekesho. Enzi hizo, pamoja na mitihani, sharti kubwa lilikuwa kula. Naam, kula chakula cha jioni. Mwanafunzi alitakiwa kumaliza mihula 12, ambayo ni kama miaka mitatu, na kila muhula kulikuwa na karamu kama 24. Lazima uonekane mezani walau katika karamu sita. Wanafunzi walikaa wanne wanne, na kila kundi liliwekewa chupa mbili za mvinyo. Gandhi alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, pombe wala mwanamke. Basi kila mtu akawa anamgombea akae kwenye meza yake. Sababu unaijua: asiyekunywa akikaa na wanywaji watatu, chupa mbili zinagawanywa kwa watatu!

Hata hivyo alisoma. Wenzake wengi walipita mitihani kwa kukariri vidokezo, yeye akanunua vitabu na kuvisoma vizima. Sheria ya Kirumi aliisoma kwa Kilatini. Wakati huo ilionekana ni kujitesa bure, lakini weka hilo akilini, maana sheria ya Afrika Kusini ilijengwa juu ya msingi huo huo wa Kirumi, na baadaye ilimsaidia sana.

Juni 10, 1891 akapewa ubarista. Juni 11 akajiandikisha Mahakama Kuu ya Uingereza. Juni 12 huyoo, yuko melini anarudi nyumbani. Ana miaka 21, ana cheti, ana suti.

Kazi hana.

MAGOTI YAGONGANA

Kama unadhani shahada ikitoka tu mlango unafunguka, sikia yaliyomkuta barista wetu Bombay. Kesi zake za kwanza hazikuja. Alikwenda Mahakama Kuu kila siku kusikiliza wenzake, na mara nyingi akasinzia humo humo. Wapiga debe wa kesi walikuwepo, wale wanaokuletea mteja halafu unawakatia chao. Akakataa kuwapa chochote. Wakamwambia hata mawakili wakubwa wenye kipato cha maelfu wanatoa. Akakataa vile vile.

Hatimaye akapata kesi moja ndogo katika mahakama ya madai madogo. Mteja alikuwa mwanamke aitwaye Mamibai, malipo rupia 30. Kesi yenyewe haikufika siku moja. Gandhi akasimama ili awahoji mashahidi wa upande wa pili. Magoti yakaanza kugongana. Kichwa kikazunguka, korti nzima akaiona inazunguka nayo. Swali hata moja halikuja mdomoni. Akakaa chini, akamwambia wakala wa mteja amchukue wakili mwingine na arudishiwe pesa zake. Aliyechukua kesi ile alilipwa rupia 51, na kwake ilikuwa mchezo wa kitoto.

Gandhi alitoka mbio, wala hakusubiri kujua mteja wake ameshinda au ameshindwa. Akaapa kutogusa kesi tena mpaka apate ujasiri.

Njaa ikambana. Akaona tangazo la shule moja maarufu, inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa saa moja kwa siku, mshahara rupia 75. Akajipeleka mbio. Kufika kule, mkuu wa shule akamwuliza kama ana shahada ya chuo kikuu. Hana, ana ubarista tu. Akapigwa chini! Barista wa London anakosa hata kazi ya kufundisha saa moja. Hapo ndipo ujue kwamba msoto wa kutafuta kazi haukuanza na kizazi chako.

Akarudi Rajkot kwa kaka yake, yule aliyebeba mzigo wa kumsomesha. Huko akawa anaandika maombi na malalamiko ya wateja, kazi ya mezani isiyotaka kusimama kortini. Akawa anapata wastani wa rupia 300 kwa mwezi. Si haba. Ila tatizo jingine likazuka. Kaka mtu alikuwa na tuhuma mbele ya ofisa mmoja wa Kiingereza, akamwomba mdogo wake akamtetee kwa kuwa alikutana na ofisa huyo London. Gandhi hakutaka, lakini kaka ni kaka. Akaenda. Ofisa hakutaka kusikia. Gandhi akang'ang'ania kumaliza maneno yake, ofisa akamwita tarishi, na tarishi akamshika barista mabegani akamtoa nje ya mlango.

Alitaka kushtaki. Akaomba ushauri kwa Pherozeshah Mehta, mmoja wa mawakili vigogo wa Bombay. Jibu lililomrudia likawa chungu kama shubiri: meza tusi hilo, ukishtaki utajimaliza mwenyewe. Akalimeza. Lakini kazi nyingi za Rajkot zilipitia ofisi ya bwana yule yule. Ikabidi atafute pa kutokea.

DILI LA PAUNI 105

Ndipo ikaja barua. Kampuni ya Dada Abdulla, Waislamu Wamemon kutoka Porbandar waliokuwa na biashara kubwa Durban, ilikuwa na kesi Pretoria. Madai yenyewe pauni 40,000, fedha ambayo kwa wakati ule ilikuwa ni utajiri wa kutisha. Mawakili wakubwa walikwishawekwa. Kilichotakiwa ni kijana anayejua Kiingereza na Kigujarati, awaelekeze mawakili hao, asome barua na vitabu vya hesabu.

Masharti ya kazi: muda usiozidi mwaka mmoja, nauli ya kwenda na kurudi daraja la kwanza, malazi na chakula juu ya tajiri, na pauni 105 mkononi. Gandhi mwenyewe alikiri kwamba hapo hakuwa anakwenda kama barista, alikuwa anakwenda kama mwajiriwa wa kampuni. Hakubishania hata senti. Aprili 1893 akaondoka, akamwacha mkewe na watoto.

Chumba cha daraja la kwanza melini kilikuwa kimejaa, nahodha akamchukua kulala kwenye chumba chake mwenyewe. Wakawa wanacheza sataranji. Baada ya siku kama 13 wakatia nanga Lamu. Gandhi akashuka kuona posta, akapiga soga na makarani Wahindi, akawatazama wenyeji. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamejaa, mkondo una nguvu, na mashua aliyopanda imezidisha watu. Kila ikiisogelea ngazi ya meli, mkondo unaivuta. King'ora cha kwanza kikalia! Nahodha akaagiza meli isubiri dakika tano. Rafiki akakodi mashua nyingine kwa rupia 10, ikamchukua barista. Kufika, ngazi imeshapandishwa. Akavutwa juu kwa kamba kama gunia, na meli ikaondoka hapo hapo. Abiria wengine wakaachwa Lamu wanaitazama inatokomea. Maji ya Lamu nusura yaibadilishe historia ya dunia.

Wakapita Mombasa, wakafika Unguja. Hapo palikuwa na kituo kirefu, siku nane au 10, kubadili meli. Nahodha akamwalika matembezi, kumbe matembezi yenyewe ni nyumba ya wanawake wa biashara. Gandhi aliingizwa chumbani, akasimama kama nguzo kwa aibu, akatoka kama alivyoingia. Kiapo cha mama kilisimama. Hayo hakuyasingiziwa na mtu, aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake.

KILEMBA NA TRENI

Mwishoni mwa Mei 1893 akafika Durban. Siku chache tu, tajiri akampeleka kuona mahakama. Hakimu akamkazia macho, kisha akamwamuru avue kilemba. Gandhi akagoma, akatoka nje. Magazeti yakamwita mgeni asiyekaribishwa. Wiki ya kwanza mjini, keshatoka gazetini!

Kisa cha treni wengi wanakijua. Juni 7, 1893, akiwa na tiketi halali ya daraja la kwanza kwenda Pretoria, alitolewa nje ya behewa katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa kuwa hakuwa Mzungu. Usiku kucha alitetemeka kwa baridi kwenye chumba cha abiria. Tunakitaja kwa sababu moja: alifikiria kurudi India usiku ule ule, akaona ni uoga kukimbia kabla hajamaliza kazi aliyoajiriwa. Yaani kilichombakiza kwanza ni mkataba wa kazi. Siasa zilikuja baadaye.

NDUGU WANASHTAKIANA

Sasa tuingie kwenye kesi. Mdaiwa alikuwa Tyeb Haji Khan Muhammad, tajiri wa Pretoria. Na huyu hakuwa mtu baki kwa Dada Abdulla: walikuwa ndugu, watu wa mji mmoja. Kesi ilihusu biashara walizofanya, hati za ahadi ya kulipa na mahesabu yasiyo na mwisho.

Gandhi hakujua chochote kuhusu uhasibu. Karani wa kampuni alipokuwa akitaja hati za ahadi kwa kifupi chake, barista wetu hakuelewa, akaenda kutafuta neno lile kwenye kamusi, asilione. Ilibidi aulize. Halafu akafanya kile ambacho kijana mwenye majivuno hakifanyi: akanunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akajifundisha mwenyewe. Alipoujua mfumo, akapitia makaratasi yote, ya upande wake na ya upande wa pili. Hapo akagundua siri ya kesi za biashara: ukiyajua mambo yalivyotokea, yote, bila kujificha, sheria nayo huja upande wako.

Aliyaona mambo mawili. La kwanza, Dada Abdulla alikuwa na haki na angeshinda. La pili, kesi ikiendelea, ndugu wote wawili watakwisha. Kila upande ulikuwa na mawakili wakubwa, na bili zao zilipanda kila kukicha. Matajiri walikuwa wameacha kuuza duka, kutwa wanawaza korti. Hata mshindi asingerudishiwa gharama zake zote. Na chuki ilikuwa inazidi.

Basi mwajiriwa huyu wa pauni 105 akaenda kumwona mdaiwa. Akamwambia, wewe na Dada Abdulla ni ndugu, kwa nini msimchague mtu mmoja mnayemwamini wote awaamulie? Akambembeleza, akarudi kumbembeleza na tajiri wake. Wakakubali. Mwamuzi akateuliwa, hoja zikasikilizwa, Dada Abdulla akashinda: pauni kama 37,000 pamoja na gharama.

Ungedhani hapo kazi imekwisha, bili inaandikwa, kila mtu kwao. Bado! Tyeb Sheth hakuwa na uwezo wa kutoa fedha zote kwa mkupuo. Angedaiwa mara moja, angetangazwa mufilisi, na kwa Wamemon wa Porbandar waliokuwa Afrika Kusini, mtu aliona heri kufa kuliko kufilisika. Njia ilikuwa moja: alipe kidogo kidogo kwa muda mrefu. Gandhi anasema kumshawishi tajiri wake akubali malipo hayo kulimtoa jasho kuliko hata kuwashawishi waende kwa mwamuzi. Mwishowe Dada Abdulla akakubali. Mmoja akapata haki yake, mwingine akabaki na heshima yake, na mji mzima ukawasifu wote wawili.

Kesi hiyo ndiyo iliyomfundisha kazi. Aliona kwamba wakili kazi yake ni kuwaunganisha waliofarakana. Katika miaka kama 20 aliyofanya uwakili, muda mwingi aliutumia kumaliza mamia ya kesi nje ya korti. Tena akasema hakupoteza chochote, hata fedha.

MENO MAWILI YA BALASUNDARAM

Mwaka ulipoisha Gandhi alitaka kurudi kwao. Kwenye karamu ya kumwaga, akaona gazetini habari ya muswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal haki ya kupiga kura. Wakamwomba abaki. Akakubali kwa sharti kwamba kazi ya umma hatalipwa. Wafanyabiashara kama 20 wakampa kesi zao kwa mwaka mzima ili apate pa kula. Dada Abdulla akamnunulia fanicha za ofisi.

Chama cha mawakili wa Natal kikampinga asiandikishwe, hoja yao kubwa ikiwa kwamba taratibu hazikutungwa kwa ajili ya mtu asiye Mzungu. Septemba 1894 Mahakama Kuu ikayatupa mapingamizi na kumwapisha. Jaji Mkuu akamwambia: sasa vua kilemba. Na safari hii akavua. Rafiki zake wakanuna. Jibu lake ni kwamba nguvu zake alizitunza kwa vita kubwa zaidi.

Vita hiyo ilimfuata ofisini baada ya miezi mitatu au minne. Mlangoni alisimama mtu, nguo zimechanika, kilemba kimeshikwa mkononi, meno mawili ya mbele yamevunjika, mdomo unatoka damu, analia. Jina lake Balasundaram, Mtamil, kibarua wa mkataba. Bosi wake alikuwa amempiga.

Hapa msomaji ni lazima uelewe huo mkataba ulikuwaje. Tangu 1860 mashamba ya miwa ya Natal yaliletewa vibarua kutoka India, waliofungwa kwa miaka mitano. Walioitwa makuli kwa dharau ndio hao. Mtumishi wa kawaida akiacha kazi kabla ya muda, bosi angeweza kumdai kortini. Kibarua wa mkataba akiondoka bila ruhusa, alikuwa mhalifu: alifungwa jela. Kwa hiyo mtu huyu aliyepigwa mpaka akavunjwa meno alikuwa hawezi hata kuacha kazi!

Gandhi akaenda hatua kwa hatua. Kwanza, kwa daktari Mzungu, akapata cheti cha majeraha. Pili, moja kwa moja kwa hakimu, pamoja na hati ya kiapo. Hakimu aliposoma akakasirika, akatoa wito kwa mwajiri. Sasa hapo wakili mwenye tamaa ya sifa angekomaa bosi afungwe. Gandhi akamwuliza mteja wake anataka nini. Anataka kuondoka kwa bwana yule, basi. Sheria ilikuwa na milango miwili tu: ofisa msimamizi wa vibarua auhamishe mkataba, au bosi mwenyewe amwachie. Bosi, akiwa na kesi shingoni, akakubali kumwachia. Gandhi akamtafutia mwajiri mwingine, na ilibidi awe Mzungu, kwa kuwa Wahindi hawakuruhusiwa kuajiri vibarua wa mkataba. Balasundaram akawa salama.

Na kile kilemba? Kilikuwa mkononi kwa sababu kibarua aliyeingia kwa Mzungu alilazimishwa kukivua, na Balasundaram akadhani hata kwa Gandhi ni hivyo. Gandhi akamwambia akifunge kichwani. Akakifunga kwa kusitasita, lakini uso ukang'aa. Habari zikasambaa mashambani. Tangu siku ile ofisi haikukauka vibarua.

KWELI KAMA MTAJI

Visa vya ofisi yake ni vingi, tuchukue viwili vya biashara. Siku moja aliletewa uamuzi wa kesi ya mahesabu ambao mteja wake ameshinda kabisa. Akaukagua, akakuta waamuzi wamekosea: kiasi kimoja kimeandikwa upande usio wake. Wakili mwandamizi aliyekuwa naye akasema tunyamaze, upande wa pili hawajaliona. Gandhi akagoma. Mteja akakubaliana naye. Wakaenda Mahakama Kuu, Gandhi akaanza kwa kulitaja kosa mwenyewe. Majaji wakamshuku kwamba analeta ujanja. Alipowaeleza, wakamgeukia wakili wa upande wa pili: kama mwenzako mkweli asingelitaja, ungesema nini? Kosa likarekebishwa tu, na ushindi ukabaki pale pale.

Kisa cha pili ni cha rafiki na mteja wake, Parsi Rustomji. Mfanyabiashara huyu alikuwa akipitisha mali bila kulipa ushuru, na hakuwahi kumwambia wakili wake. Siku akakamatwa, akaja analia. Gandhi akamwambia: nenda kakiri, ulipe faini, na ukitakiwa kwenda jela nenda, aibu iko kwenye kosa. Mambo yakaisha kwa Rustomji kulipa mara mbili ya ushuru aliokiri kukwepa. Akakiandika kisa chote, akakitia fremu, akakitundika ofisini kwake ili warithi na wafanyabiashara wenzake wakisome. Ni wangapi Kariakoo au River Road wangetundika karatasi kama hiyo?

TUSIMPAKE MAFUTA

Ukweli usemwe pande zote. Wakili huyu aliyemtetea Balasundaram aliandika, katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini, maneno ya kuwadharau Waafrika weusi, akilalamika kwamba Wahindi wanawekwa kundi moja nao. Maneno hayo yapo, yamechapishwa. Desemba 2018 sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana baada ya wahadhiri na wanafunzi kulalamika. Wako wanaosema alibadilika kadiri alivyokua, na wako wasiokubali kufuta deni. Kijana, soma pande zote ujiamulie mwenyewe. Kuona haki ya mtu wako ni rahisi. Mtihani ni kuiona ya jirani.

KAKA NA DADA PANDE MBILI

Baadaye vita vya vibarua vilizidi korti. Sheria ya 1895 iliwatoza waliomaliza mkataba na kubaki Natal pauni tatu kwa mwaka kila mtu, wakati baba wa familia alipata kama shilingi 14 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe! Novemba 1913 Gandhi akaongoza maandamano ya watu zaidi ya 2,000, wengi wao wachimba makaa ya mawe waliogoma. Akafungwa. Mwaka 1914 kodi ikafutwa.

Akarudi India 1915, joho la uwakili kalivua, lakini dawa ya Pretoria bado iko mfukoni. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda vya nguo Ahmedabad walidai nyongeza. Matajiri walitoa asilimia 20, wafanyakazi wakataka 35. Kiongozi wa matajiri alikuwa Ambalal Sarabhai. Aliyesimama na wafanyakazi ni nani? Dada yake wa tumbo moja, Anasuya! Gandhi akafunga kula siku tatu, pande zote zikalegea. Mapatano yakawa hivi: siku ya kwanza walipwe asilimia 35 ili kiapo chao kitimie, siku ya pili 20 ili matajiri wasiaibike, kuanzia ya tatu 27 na nusu mpaka mwamuzi aseme. Mwamuzi aliposema, alisema 35.

Mwaka 1922 akahukumiwa India kwa uchochezi, na Inner Temple ikamfuta kwenye orodha ya mabarista. Ikamrudisha mwaka 1988, miaka 40 baada ya kuuawa.

SASA WEWE

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mgogoro wa kazi uanze kwa usuluhishi, pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kabla watu hawajapandishana mahakamani. Ni dawa ile ile ya Pretoria. Kwa hiyo ukipewa barua ya kufukuzwa, usiifungie kabatini huku unalaani kijiweni. Muda wa kulalamika unahesabika kwa siku. Tunza mkataba, tunza hati za mshahara, andika tarehe. Ukipigwa, cheti cha daktari kwanza, maneno baadaye. Balasundaram hakujua kusoma sheria, lakini alijua mlango wa kubisha.

Na wewe unayesomea uwakili, ukisimama siku ya kwanza magoti yakagongana, usiache kazi. Rudi nyumbani, nunua kitabu cha hesabu, usome makaratasi ya mteja wako mpaka ya mwisho. Halafu muulize swali ambalo mawakili wengi hulisahau: ndugu yangu, unataka nini hasa?